Ukurasa wa Thelathini na Mbili

Usiniambie ni sinema za watoto.
Nina miaka arobaini na mitatu, nina cherehani ya miguu,
nina deni la vitambaa hapa Arua,
na kila Jumamosi, saa mbili usiku, nafunga duka,
nateremka Oli, kibandani kwa Ezati,
noti ya elfu moja imelowa jasho kiganjani.

Nilimpata Bibi Sumaku kwenye karanga.
Ndiyo, karanga. Mama Candiru alikuwa anachana kitabu cha picha,
anazisokota kurasa ziwe pembe za kufungia.
Nikamshika mkono: nipe chote kilichobaki.
Kilibaki hadi ukurasa wa thelathini na moja.
Hapo Bibi Sumaku ananing'inia chini ya daraja,
mkono mmoja umeshika reli,
wa pili umelishika basi zima na abiria wake,
na Bwana Kutu anapanda nguzo, taratibu,
kila chuma anachogusa kinakuwa unga.
Ukurasa wa thelathini na mbili
ulikwenda na karanga za mtu nisiyemjua.

Miaka kumi na tisa.
Nimeumaliza ukurasa ule kwa namna mia
nikikunja pindo, nikitia viraka magwanda ya askari,
nikiokota pini sakafuni kwa sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu.
Cheka ukitaka. Pini zinaporuka na kusimama wima
kama manyoya ya paka mwenye hasira,
mimi najua ninavyojisikia.

Basi siku hiyo, chaki kwenye ubao wa Ezati:
LEO BIBI SUMAKU. MTAFSIRI DRAJO.
Nilishona mkono wa shati kinyume. Mara mbili.

Drajo, anayeweza kuua watu wanane
na kila mmoja akafa kwa sauti yake,
alikuja na skafu shingoni, amekauka koo,
anakwaruza kama jogoo aliyenyeshewa.
Ezati akauliza, nani anaijua hii?
Vidole vikanielekea kabla sijainua wangu.

Maikrofoni ilinuka tangawizi na mate ya Drajo.
Nikaanza. Gereji ya baba yake, radi iliyopiga winchi,
vijiko vilivyomfuata jikoni hadi kitandani.
Nilisema kwa Kiswahili; matusi nikayatia Kilugbara,
maana Kutu ukimtukana Kiswahili, hayamwingii.
Nikafika kwenye glavu. Wamemvisha za kijivu!
Glavu za Bibi Sumaku ni za njano, jamani,
njano ya alizeti, nina kitabu, nina ushahidi.
Nikasema njano kwa nguvu
mpaka wa benchi la nyuma wakaona njano.

Kisha daraja.
Reli. Basi. Kutu anapanda.

Nikanyamaza.

Nje jenereta ilikohoa, ikaendelea.
"Mama, sema!" Huyo mtoto wa Khemis, mbele kabisa,
amekumbatia magoti.
"Sijui," nikasema, nikasahau maikrofoni iko mdomoni,
na neno likatoka kubwa kwa spika zote mbili,
likavuka turubai, wauza chapati wakageuka.
"Sijui, mwanangu. Tazama."

Nikakaa chini, palepale kwenye nyaya.
Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa
mikono yangu haikuwa na la kufanya.

Kilichotokea darajani sikuambii.
Elfu moja unayo, na Jumamosi wanairudia.
Ila haikuwa hata moja ya zile namna zangu mia,
na kadhaa kati ya hizo zilikuwa bora,
hasa ile ya basi. Ezati anaijua;
nilimweleza mpaka akazima jenereta,
akafunga mlango, akanielekeza njia ya nyumbani
kana kwamba ningeweza kuisahau.

Jumatatu nilinunua karanga.
Niliikunjua karatasi kabla ya kula.
Hesabu za shule: mtoto fulani, wino wa buluu,
amekosea kugawanya.
Nimeiweka. Huenda kuna mtu anaitafuta.